Miezi 15 ya Jani Moja la Chai

Chukua jani moja la chai. Lilichumwa asubuhi ya Julai 1, 2024, kwenye shamba la ekari moja hivi, upande wa Tirgaga, kaunti ya Bomet. Jioni hiyohiyo lilipimwa, likapakiwa lorini, likamwagwa kiwandani. Kesho yake lilikuwa chai kavu, nyeusi, inayosubiri kutiwa gunia. Mwezi uliofuata mwenye shamba akapokea malipo ya kwanza. Lakini hesabu ya mwisho ya jani lile, ile ambayo kila mtu wa Kericho na Bomet anaiita bonasi, ilimfikia Oktoba 2025.

Miezi 15. Chai huchumwa kila baada ya wiki moja hadi mbili. Kwa hiyo fedha za jani lile zilipokamilika, kichaka chake kilikuwa kimechumwa tena mara 30 kwa uchache.

Hapo hakuna mwizi, wala karani aliyelala. Ni kalenda tu. Mwaka wa hesabu wa viwanda vinavyosimamiwa na KTDA, shirika la wakulima wadogo wa chai, huanza Julai 1 na kuisha Juni 30. Hesabu zikishafungwa, wakaguzi huzipitia, wakurugenzi hukaa, na bonasi hutangazwa kuelekea Oktoba. Jani la Juni husubiri miezi minne. Jani la Julai husubiri hadi limesahauliwa. Ila msikilizaji aliye na mtoto wa kidato cha pili anajua kwamba mhasibu wa shule hafuati kalenda hiyo.

Kwenye kumbi za hoteli za Nairobi na Mombasa kuna msemo unaopendwa sana: kuboresha taratibu za biashara ili uchumi ukue. Ukisemwa hivyo, mtu wa Litein, kule Kericho, husinzia. Ukimwambia kwamba maana yake ni siku ngapi jani lake linakaa njiani, na ni mikono mingapi inalishika kabla halijageuka shilingi, atavuta kiti. Mazungumzo ya leo yanalifuata jani hilo, kutoka kichakani hadi kwenye simu ya mwenyewe.

Chai iliingia Kericho kwa kishindo miaka ya 1920. Brooke Bond na James Finlay, kampuni mbili za Uingereza, zilipanda maelfu ya ekari katika nchi ambayo Wakipsigis waliijua kama malisho na makazi yao, na madai ya ardhi ile hayajaisha hadi leo. Chai kavu ilishushwa hadi stesheni ya Lumbwa, ambayo siku hizi ni Kipkelion, ikapanda treni kwenda Mombasa. Mwafrika alikuwa mchumaji. Kulima chai yake mwenyewe kwa ajili ya soko kulianza kuruhusiwa polepole miaka ya 1950, na mwaka 1964 serikali ya Kenya huru ikaunda KTDA kuwahudumia wakulima wadogo. Mwaka 2000 chombo hicho kikabinafsishwa, kikawa kampuni ya wakulima wenyewe kupitia viwanda vyao. Leo wakulima wanaouza kupitia KTDA nchini ni zaidi ya 600,000. Upande huu wa nchi viwanda vyao vina majina ambayo watoto huyajua kabla ya kujua majina ya mawaziri: Momul, Litein, Tegat, Toror, Kapkatet, Tebesonik, na Bomet kuna Kapkoros, Tirgaga, Mogogosiek, Kapset.

Mashamba makubwa nayo yamebadilisha wenyewe. Mashamba ya Finlays yalitangazwa kuuzwa kwa Browns Investments ya Sri Lanka mwaka 2023. Mwaka uliofuata kampuni hiyohiyo ikatangazwa kuyachukua yale ya Brooke Bond yaliyokuja kuwa ya Unilever, ambayo wakati huo yalishapewa jina la Lipton. Karne moja baada ya Waingereza, bwana mpya wa vilima vya Kericho anatoka katika kisiwa kinachouza chai ulimwenguni kwa nembo ya simba. Kisiwa hicho tutakirudia.

Sasa jani. Mchumaji anatakiwa kuvunja majani mawili na kichipukizi, si zaidi. Anayatia kapuni, anayapeleka kwenye kituo cha kununulia, kibanda cha nguzo na bati kando ya barabara. Karani anayatandaza, anayakagua, anayapima. Zamani mizani ilikuwa ya saa na uzito uliandikwa kwa kalamu, na ugomvi wa kilo moja au nusu ulikuwa sehemu ya jioni. Mizani ya kielektroniki ilipoingia, mkulima akaanza kuondoka na risiti iliyochapwa. Badiliko hilo halikuandikwa sana magazetini, lakini huenda ndilo lililojenga imani kuliko hotuba zote zilizotolewa pale kibandani.

Baada ya mizani ndipo mambo yanapoharibika. Jani likishachumwa bado liko hai. Linapumua, linatoa joto. Likishindiliwa kwenye gunia, likakalia jua au likasubiri lori hadi giza liingie, linachemka lenyewe ndani kwa ndani, linabadilika rangi, na hakuna fundi wa kiwandani anayeweza kulirudisha. Kilo 100 za majani mabichi hutoa kilo 22 au 23 tu za chai kavu, kwa hiyo kila gunia lililoungua njiani ni hasara iliyokolezwa. Na Kericho hunyesha, wasikilizaji wa huko hawahitaji kuambiwa. Mvua ya alasiri ikishuka kwenye barabara ya udongo kutoka kituoni hadi kiwandani, lori linakwama kwenye tope, wanaume wanaitwa kusukuma, saa mbili zinakuwa tano.

Saa hizo tano ni nadra kuzikuta kwenye ripoti za biashara ya kimataifa. Nyingi huanza kuhesabu kwenye lango la bandari.

Lori likichelewa, mwingine hujitokeza. Soko huru, ndivyo wenyeji wanavyoliita: mnunuzi mwenye pikapu na fedha taslimu mkononi, asiyeuliza kama ni majani mawili au matano, asiyekuwa na kalenda ya miezi 15. Viongozi humlaani kila mwaka. Ni kweli anaharibu, kwa sababu anafundisha watu kuchuma ovyo, na kiwanda kilichomkopesha mkulima mbolea kinabaki mikono mitupu. Lakini afadhali tukubali ukweli mmoja usiopendeza: soko huru linashinda kwa kasi ya malipo. Ni mfanyabiashara aliyekwisha kuboresha taratibu zake, kwa njia yake mwenyewe.

Kiwandani jani hunyaushwa kwa saa nyingi, husagwa, huachwa lichachuke hadi ligeuke rangi ya shaba, kisha hukaushwa kwa hewa ya moto. Moto wenyewe kwa sehemu kubwa ni wa kuni za mkaratusi. Hapa kuna jambo dogo lenye gharama kubwa. Umoja wa Ulaya umeweka kikomo cha kemikali moja iitwayo anthrakwinoni kwenye chai: miligramu 0.02 kwa kilo. Moshi wa kuni ukivuja ukaingia kwenye hewa ya kukaushia, kipimo kinapita. Chai ya mkulima ambaye hajawahi kunyunyiza dawa yoyote inaweza kukataliwa Ulaya kwa sababu ya bomba lililotoboka kwenye tanuri. Ukimuuliza ofisa wa biashara atakuambia kuhusu vyeti na masharti ya soko. Fundi wa boila atakuonyesha bomba.

Kutoka hapo ni safari ya zaidi ya kilomita 700 hadi Mombasa, kwenye maghala. Huko madalali huchukua sampuli, waonja chai huinama juu ya safu za vikombe vyeupe, huvuta kijiko kimoja kwa sauti ambayo mezani kwa mama yako ingekuletea kofi, hutema, husogea. Katalogi inachapishwa. Sampuli zinatumwa kwa wanunuzi. Kisha mnada.

Mnada wa chai ulianzia Nairobi mwaka 1956, ukahamia Mombasa mwaka 1969, na unasimamiwa na chama cha wafanyabiashara wa chai cha Afrika Mashariki, EATTA. Hauuzi chai ya Kenya peke yake. Chai ya Uganda na Rwanda inapita Malaba na Busia kuufuata, ya Burundi, Tanzania, Malawi na hata ya mashariki ya Kongo inapigiwa bei palepale, kwa dola. Kwa miongo mingi ilikuwa kazi ya midomo: dalali mbele, wanunuzi kwenye viti vyao, mmoja anainua senti, mwingine anainua senti, nyundo inagonga. Waliokuwepo wanasimulia kwamba mzoefu alijua nani atanunua nini kwa kutazama tu nani amekunja miguu.

Mradi wa kuuhamishia mnada kwenye kompyuta, uliofadhiliwa na Denmark kupitia shirika la TradeMark East Africa, ulikuwa ukisukumwa polepole huku wenye mazoea wakiburuta miguu. Mwaka 2020 korona ikaingia, watu wakakatazwa kukaa ukumbini, na lililoshindikana kwa miaka likawezekana kwa wiki chache. Mnunuzi sasa anapiga bei akiwa ofisini kwake. Katalogi, bei, ankara na hati ya kutolea mzigo ghalani vinapita kwenye mfumo mmoja, na kila hatua inaacha alama. Tarishi wa kukimbiza karatasi kutoka kwa dalali kwenda benki na kutoka benki kwenda ghalani akapungukiwa na kazi.

Hadi hapo simulizi ni ya kupendeza, na wafadhili waliipenda. Mwaka mmoja tu baadaye ukaja mkasa unaopaswa kusomeshwa.

Bei ya wastani mnadani ilikuwa imeshuka hadi kukaribia dola 2 kwa kilo. Wakulima wakanung'unika, na walikuwa na haki. Julai 2021 KTDA, ikiungwa mkono na serikali, ikaweka bei ya chini kabisa: chai ya wakulima wadogo isiuzwe chini ya dola 2.43. Nia ilikuwa njema. Bei kwenye kumbukumbu zikapanda. Huko mashariki ya Bonde la Ufa, Kirinyaga, Murang'a, Nyeri, chai nyingi ilifikia kiwango hicho bila shida kwa sababu wanunuzi huilipia zaidi tangu zamani. Chai ya Kericho, Bomet na Nandi haikufikia. Mnunuzi wa Karachi aliyekuwa radhi kuinunua kwa dola moja na senti kadhaa hakulazimika kutoa 2.43. Masharti yale yaliihusu chai ya KTDA, naye mbele yake palikuwa na chai ya mashamba makubwa na ya nchi jirani, isiyofungwa na bei hiyo. Akaenda huko.

Magunia ya magharibi yakarudi ghalani. Yakapelekwa mnadani tena, yakarudi tena. Chai si divai, haiongezeki utamu kwa kukaa. Ghala linatoza kila mwezi. Mamilioni ya kilo yakalundikana Mombasa, mengine kwa miaka, hadi mwaka 2024 bei hiyo ya chini ilipoondolewa, na chai kuukuu ikaanza kutoka kwa bei ya kutupa, ikiivuta chini hata ile mpya.

Tafakari jinsi mambo yalivyopangika. Nchi ilikuwa imenunua mfumo wa kisasa wa kuharakisha mnada, mashine inayoweza kumaliza katalogi kwa saa chache, na papo hapo ikaweka kizuizi kilichoifanya chai ya mkoa mmoja mzima isiondoke. Kompyuta haikuwa na kosa. Iliandika kwa haraka ya ajabu kwamba mzigo haujauzwa. Wanaotetea bei ile husema iliwainua wakulima wa mashariki na kuwapa wote nguvu ya kujadiliana, na kwa mashariki wana hoja. Lakini sera moja kwa chai mbili tofauti ilikuwa ni kumvisha kila mtoto kiatu cha kifungua mimba, na waliochubuka ni wa Kericho na Bomet.

Karatasi za kusafirishia mzigo, tofauti na bei, ni eneo ambalo Kenya inastahili pongezi bila kigugumizi. Kabla ya mwaka 2013, wakala wa forodha aliyetaka kutoa kontena moja alikuwa mtembezi: bodi ya chai mtaa huu, cheti cha afya ya mimea cha KEPHIS mtaa ule, mamlaka ya ushuru, bandari, kila mahali nakala na muhuri na foleni. KenTrade, shirika la serikali, ilianzisha mfumo wa dirisha moja mwishoni mwa 2013, ukazinduliwa rasmi Mei 2014, na maombi mengi yakawa yanajazwa mahali pamoja. Desemba 2015, Nairobi ilipokuwa mwenyeji wa mkutano wa mawaziri wa Shirika la Biashara Duniani, Kenya iliridhia mkataba wa kurahisisha biashara uliokubaliwa Bali miaka miwili nyuma. Mkataba ulianza kutumika Februari 22, 2017. Vituo vya pamoja vya mpakani navyo vikafunguliwa, Busia na Malaba, ambapo lori la chai kutoka Uganda linakaguliwa mara moja na maofisa wa nchi mbili walioketi jengo moja. Dereva aliyewahi kulala siku kadhaa Malaba hahitaji kuelezewa faida.

Lakini hata karatasi zikikimbia, chai inaishia mikononi mwa wateja wachache, na wateja hao wana misukosuko yao. Pakistan peke yake hununua zaidi ya theluthi moja ya chai ya Kenya. Juni 2022 nchi hiyo ilipoishiwa dola, waziri wake wa mipango, Ahsan Iqbal, aliwaomba wananchi wapunguze kikombe kimoja au viwili vya chai kwa siku. Wapakistani walimcheka mitandaoni. Huku kwetu hakuna aliyecheka, kwa maana kikombe kilichopunguzwa Lahore ni kapu lililopunguzwa Kapkatet. Mwishoni mwa 2023 meli zikaanza kushambuliwa Bahari ya Shamu, njia ya kwenda Misri na Sudan, na nyingi zikaizunguka Rasi ya Tumaini Jema. Machi 2025 Sudan ikasimamisha bidhaa za Kenya kwa hasira za kisiasa, baada ya Nairobi kuwapokea wapinzani wa serikali ya Sudan katika vita vya huko, na kontena zilizokwisha kuondoka zikakosa pa kushushiwa.

Halafu kuna shilingi. Januari 2024 dola moja ilinunuliwa kwa shilingi 160 hivi. Miezi michache baadaye ilikuwa 129, na hapo ikatulia. Nchi ilishangilia, mafuta yakapungua bei. Lakini kilo ya chai iliyouzwa dola 2 ilikuwa ikileta shilingi 320, sasa ikaleta 258, na mkulima hakuwa amekosea lolote. Shilingi 62 zilitoweka hewani. Mtu wa Mogogosiek aliyelinganisha bonasi ya 2025 na ya mwaka uliotangulia aliona pengo, akatafuta mwizi. Baadhi ya pengo lile lilikuwa ni shilingi kupata afya. Haikuwa yote, bila shaka. Wakulima wa magharibi walipata kiasi kidogo sana kikilinganishwa na wenzao wa Mlima Kenya, malalamiko yakasikika Kericho na Bomet kote, na maswali kuhusu gharama za uendeshaji wa viwanda ni halali kabisa. Kinachouma ni kwamba hakuna aliyemweleza mkulima hesabu ya dola kwa lugha anayoielewa, hivyo kila aliyeshika kipaza sauti alimweleza yake.

Sheria ya Chai ya mwaka 2020 ilijaribu kuugusa mfuko wa mkulima moja kwa moja. Ilirudisha Bodi ya Chai ya Kenya, na ikaandika kwamba angalau nusu ya malipo imfikie mkulima ndani ya siku 30 baada ya kiwanda kupokea fedha, iliyobaki ije mwisho wa mwaka. Vifungu kadhaa vilipingwa mahakamani mara tu sheria ilipoanza kutumika Januari 2021, na wanasheria wamekula vizuri. Hata hivyo, kati ya mageuzi yote yaliyotajwa hapa, hili ndilo lililoelekezwa mahali panapouma: muda kati ya chai kuuzwa na mwenye chai kulipwa. Mtu anayelipwa mapema hakopi. Anayesubiri hukopa kwa kutegemea bonasi, na riba inaanza kula bonasi kabla haijafika. Kiwanda kinaweza kuuza kwa bei nzuri kabisa mnadani na mkulima bado akabaki na kidogo kwa sababu ya kalenda peke yake.

Kuhusu kuongeza thamani, wimbo unaojulikana, maneno machache yanatosha. Kenya huongoza duniani kwa kuuza nje chai nyeusi. Mwaka 2024 ilizalisha karibu kilo milioni 600, na mauzo ya nje yakaleta takriban shilingi bilioni 181. Lakini karibu yote huondoka ndani ya magunia, bila jina, ikachanganywe na kufungwa kwingine. Dubai, ambako hakuoti hata mche mmoja wa chai, kuna kituo kikubwa cha kuchanganya na kufunga chai kilichoanzishwa mwaka 2005, na chai yetu hupita humo ikitokea upande wa pili na jina jipya. Sri Lanka, wale waliokuja kununua mashamba ya Kericho, wameweza kuuza sehemu kubwa ya chai yao ikiwa tayari kwenye pakiti na nembo ya simba. Si kwamba sisi hatujui kufunga. Ketepa ipo mjini Kericho tangu mwishoni mwa miaka ya 1970, na pakiti ya Fahari ya Kenya imo katika kila duka la kijiji. Mwishoni mwa 2022 shehena ya chai ya Kenya ilikwenda Ghana chini ya majaribio ya eneo huru la biashara la Afrika. Ni mwanzo mzuri.

Kwa miaka kumi na zaidi, fedha na fikra za kuboresha biashara ya chai zimemiminwa Mombasa: mnada, dirisha moja, forodha, reli, bandari. Zimezaa matunda, na anayebisha aende akazungumze na wakala mzee wa forodha. Lakini tofauti ya bei kati ya chai ya Kericho na chai ya Kirinyaga haiwezi kuzibwa Mombasa, kwa kuwa mwonja chai anaitambua kwa ulimi kabla kompyuta haijawashwa. Sehemu yake ni aina ya miche. Wataalamu wa taasisi ya utafiti wa chai pale Timbilil, nje kidogo ya mji wa Kericho, wametoa miche inayosifiwa kwa ladha, 6/8 ikiwa maarufu kuliko yote, lakini kung'oa chai iliyokomaa ni kukaa miaka bila mavuno, na hakuna mwenye ekari moja anayeweza kujiamulia hilo peke yake. Sehemu ni uchumaji. Na sehemu, ambayo ingekuwa rahisi kuliko zote kuirekebisha, ni zile kilomita chache za udongo kati ya kibanda cha bati na geti la kiwanda.

Barabara hizo ni za kaunti au za mamlaka ya barabara za vijijini, kutegemea unamuuliza nani na ni mwaka gani wa uchaguzi. Kifusi humwagwa, husambazwa, mvua huja. Magari ya kiwanda huzidisha mashimo, kisha kiwanda hulipia springi zilizokatika, na gharama hiyo inaingia kwenye hesabu za mwaka, inakatwa kabla ya bonasi kupigwa. Mkulima anailipia barabara mara mbili: kwa jani lililoungua na kwa springi.

Siku bonasi ilipoingia, Oktoba 2025, simu zililia, foleni za benki na sako zikajaa, na Litein na Bomet mjini mabati na sare za shule vilitoka madukani kwa kasi. Asubuhi hiyohiyo watu walikuwa wamechuma kama kawaida, kwa kuwa chai haingoji sikukuu. Majani yale yalipimwa, risiti zikatolewa, yakaingizwa kwenye mwaka wa hesabu ulioanza Julai. Fedha zake za mwisho zilipangiwa Oktoba 2026.